Mbio za Kisiwani: Tuchague Msimu na Saa Kabla ya Mandhari

Wahenga walituachia methali isemayo kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Chombo kimetiwa nakshi kikapendeza macho, lakini ukikifunua hukuti ila mti ule ule uliouzoea nyumbani. Methali hiyo yafaa ikumbukwe siku hizi ambapo miongoni mwa walimu na wanafunzi wa vyuo kumezuka hamu ya kusafiri hadi kisiwani kwenda kukimbia nusu marathoni. Mtu huoneshwa picha katika simu: mchanga mweupe kama unga, minazi iliyoyainamia maji, bahari ya samawati na kundi la wakimbiaji wanaotabasamu. Akishaiona picha hiyo, ameshachagua. Hajauliza mbio hizo hufanyika mwezi gani, wala huanza saa ngapi, wala kama barabara yake ina kivuli au haina.

Nia yangu si kuwavunja moyo watu wa namna hiyo. Kukimbia ni jambo jema, na kukimbia mahali penye mandhari ya kuvutia ni jema zaidi. Ninalosema ni kwamba mandhari ni kigezo cha mwisho katika kuchagua, wala si cha kwanza. Mbio za kisiwani katika nchi za joto huchaguliwa kwanza kwa msimu, kisha kwa saa, kisha kwa maandalizi ya wenyeji. Hayo yote yakishatimia, ndipo mtu apime baina ya ufuo huu na ule. Anayeupindua mpangilio huo huenda akaipata picha nzuri na akaikosa afya yake.

Sisi wa Ahero tuna sababu yetu ya kulijadili jambo hili. Mji wetu umekaa katika uwanda wa Kano, nchi tambarare ya mashamba ya mpunga na mifereji, ambamo Mto Nyando hupita ukielekea ziwani. Ukiinua macho kutazama kaskazini, waiona milima ya Nandi imesimama kama ukuta. Huko juu ndiko walikotoka Kipchoge Keino na Eliud Kipchoge. Kwa hiyo mtoto wa Kano hukua akiamini kwamba riadha ni mali ya watu wa mlimani, na kwamba fungu lake yeye ni kandanda na kuishangilia Gor Mahia. Nusu marathoni yaweza kuiondoa imani hiyo. Umbali wake ni kilomita 21.0975, yaani nusu kamili ya ile marathoni ya kilomita 42.195 ambayo ilikimbiwa kwa kipimo hicho katika michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908. Ni umbali ambao mwalimu mwenye afya anaweza kujiandalia kwa miezi mitatu au minne bila kuacha vipindi vyake, na ambao tambarare yetu inafaa sana kuufanyia mazoezi.

Lakini kwa kuwa unawezekana, umbali huo huwahadaa watu. Mtu wa Kano, zaidi ya wengine, hudhani kwamba joto halimwezi, maadamu amelelewa nalo. Yafaa ieleweke kwamba joto la hapa na joto la kisiwa cha bahari si kitu kimoja. Ahero iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu hupoa usiku, na alfajiri mtu huweza kukimbia akiwa na fulana ya mikono mirefu. Kisiwani, wakati wa msimu mbaya, usiku haupoi. Mtu huamka jasho likimtoka kabla hajafunga kamba za viatu.

Mfano wa jambo hili hatuna haja ya kuutafuta ng'ambo. Tarehe 24 Machi, 2007, nchi yetu iliandaa mashindano ya dunia ya mbio za nyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, kando ya bahari. Mombasa, tusisahau, ni kisiwa. Mahali penye mandhari bora kuliko pale ni nadra kupatikana: nyasi za kijani, mibuyu, na Bahari ya Hindi ikimetameta. Umati mkubwa ulijaa, na Wakenya walitumaini kumwona Kenenisa Bekele wa Ethiopia akishindwa. Bwana huyo alikuwa ametwaa ubingwa wa mbio fupi na ndefu za nyika kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 2002 hadi 2006. Siku hiyo alishindwa kweli, lakini aliyemshinda hasa hakuwa mkimbiaji. Kenenisa aliongoza, na katika mzunguko wa mwisho akajiondoa, nguvu zimemwishia. Zersenay Tadese wa Eritrea ndiye aliyenyakua dhahabu. Upande wa wanawake alishinda Lornah Kiplagat, mzaliwa wa Kenya aliyekuwa akiiwakilisha Uholanzi. Wakimbiaji wengi, wakiwa katika kilele cha ujana na mazoezi, waliacha mashindano njiani.

Msomaji na autazame mwezi. Machi katika pwani yetu ni wakati ambapo kaskazi inakata roho na masika bado hayajaingia. Upepo umetulia, hewa imejaa unyevu, na jua liko utosini. Mvuvi yeyote wa Kibokoni au Likoni angeweza kuwaambia wakuu wa riadha kwamba mwezi huo si wa kuwakimbiza watu alasiri. Mandhari hayakumsaidia Kenenisa. Aliyeshinda siku ile ni msimu.

Pengine mtu atasema kwamba dawa ni kuanza mbio usiku. Hilo nalo lilijaribiwa. Mnamo Septemba 2019 mashindano ya dunia ya riadha yalifanywa Doha, nchini Qatar, na marathoni ya wanawake ikaanzishwa karibu na saa sita ya usiku ili kulikwepa jua. Jua halikuwapo, lakini joto lilizidi nyuzi 30 na unyevu wa hewa ulipita asilimia 70. Walianza wanawake 68, na waliofika mwisho walikuwa 40 tu. Baada ya hayo, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliamua kwamba marathoni za michezo ya Tokyo zihamishwe hadi Sapporo, mji wa kaskazini ulio na ubaridi. Hivyo saa njema ni muhimu, lakini haiwezi kuufuta msimu mbaya. Ndiyo maana nimeutanguliza msimu.

Mwalimu wa sayansi anajua kwa nini mambo huwa hivyo, naye ana wajibu wa kuwaeleza wanafunzi wake. Mwili wa mkimbiaji ni kama jiko: nguvu nyingi anazozitumia hugeuka joto, si mwendo. Joto hilo hutolewa hasa kwa jasho. Lakini jasho halipozi kwa kutoka. Hupoza kwa kukauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho hutiririka likadondoka chini bila kukauka, na joto hubaki mwilini. Wakati huo huo damu hutakiwa kwenda kwenye misuli na pia kwenye ngozi, na moyo hulazimika kupiga kwa kasi zaidi hata kama mtu hajaongeza mwendo. Mwili huweza kujizoeza hali hiyo, lakini huhitaji siku 10 hadi 14. Mwalimu aliyefika kisiwani Ijumaa jioni ili akimbie Jumapili asubuhi hajajizoeza lolote.

Hapa najua kuna hoja nitakayojibiwa. Wengi husema, "Sisi hatuendi kushindana. Tunakwenda kutazama nchi, tukimbie polepole, tupige picha, turudi." Hoja hiyo yasikika kuwa ya busara, lakini kwa kweli ndiyo inayoongeza hatari. Jacob Kiplimo wa Uganda alipoweka rekodi ya dunia huko Lisbon, Novemba 2021, alitumia dakika 57 na sekunde 31. Mwalimu wa kawaida hutumia saa mbili na nusu au tatu. Tuchukue mbio zilizoanza saa kumi na mbili asubuhi. Bingwa atakuwa ameshaoga saa moja, jua likiwa bado changa. Mwalimu atakuwa njiani hadi saa mbili na nusu au saa tatu, jua likimpiga usoni. Mbio zikichelewa kuanza hadi saa moja na nusu, kama inavyotokea pale wageni wa heshima wanapongojewa wakate utepe, bingwa atamaliza saa mbili na nusu. Mwalimu atamaliza saa nne na nusu. Asiye na haraka ndiye anayelipa gharama ya kuchelewa. Basi anayekwenda polepole anastahili kuwa mkali zaidi katika kuichagua saa kuliko anayekwenda mbio.

Sasa na tuvitazame visiwa vyenyewe. Katika Shelisheli, mashindano yajulikanayo kama Seychelles Eco-Friendly Marathon yalianza mwaka 2008 kwenye ufuo wa Beau Vallon, kisiwani Mahé, na huwa na nusu marathoni ndani yake. Barabara ya pwani hupanda na kushuka baina ya mawe makubwa ya matale na bahari, na nyuma yake mlima wa Morne Seychellois hufika mita 905. Kwa macho, ni vigumu kuishinda. Lakini kwa miaka mingi mbio hizo zilifanyika Februari, mwezi wa mvua na joto jasho katika kisiwa kilicho karibu na Ikweta, na miinuko yake humchosha mtu wa tambarare ambaye mazoezi yake yote ameyafanya kando ya mifereji ya mpunga. Kwa anayetoka Ahero, naiweka hiyo mwisho katika orodha, ijapokuwa picha zake ndizo za kwanza.

Morisi ni habari nyingine. Kisiwa hicho kiko mbali kusini, karibu na nyuzi 20 za latitudo, na mwezi Julai huwa katika majira yake ya baridi. Ndio mwezi ambao marathoni yake hukimbiwa, kwenye pwani ya kusini-magharibi, ambako mlima wa Le Morne umeinuka kando ya bahari. Mlima huo si pambo tu. Katika karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19 watumwa waliotoroka mashambani walijificha huko, miongoni mwao watu waliotolewa Bukini na katika bara letu la Afrika, na mwaka 2008 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mwalimu wa historia akipita chini yake atakuwa na la kuwasimulia wanafunzi kwa muhula mzima. Kwa msimu, Morisi yashinda. Kasoro yake kwetu ni mbili: nauli ya ndege, na kwamba Julai shule zetu ziko katikati ya muhula wa pili.

Tukija Unguja, tunakuta kisiwa kinachofikika zaidi, chenye lugha yetu, na Mji Mkongwe ambao UNESCO iliutambua mwaka 2000. Siku hizi kuna mashindano ya Zanzibar International Marathon, nayo huwavutia Wakenya wengi. Hapa mkimbiaji na aitumie elimu waliyoitumia manahodha wa majahazi kwa karne nyingi. Tarehe ikiangukia kati ya Juni na Septemba, kusi huvuma, ni kipupwe, na hewa huwa ya kustahimilika. Huo ndio wakati wa kwenda. Ikiangukia kati ya Disemba na mwanzo wa Machi, ni kaskazi na joto lake. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, na barabara huweza kugeuka mito. Mkenya hahitaji viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo hiyo huhesabiwa kuwa halali baada ya siku 10. Anayechanjwa siku moja kabla ya safari amechelewa.

Msimu na saa vikishakubalika, huja maandalizi ya wenyeji. Mwalimu hakinunulii kitabu jalada. Hufungua akasoma yaliyomo. Vivyo hivyo, kabla ya kulipa ada, mkimbiaji awaandikie waandaaji maswali machache. Vituo vya maji viko umbali gani? Je, kuna barafu na madaktari katika kilomita tano za mwisho, ambako watu ndiko huanguka? Barabara hufungwa kwa magari hadi mtu wa mwisho afike, au hufunguliwa mabingwa wakishapita? Njia imepimwa rasmi? Waandaaji wanaojibu kwa ufasaha wamejitayarisha. Wanaojibu kwa kutuma picha nyingine ya minazi wamejibu pia.

Kuhusu maji kuna kosa ambalo hata wasomi hulifanya. Kwa kuogopa kiu, mkimbiaji wa polepole hunywa katika kila kituo hata akiwa hana haja, mpaka chumvi ya damu ikapungua. Watafiti waliwapima wakimbiaji 488 waliomaliza marathoni ya Boston ya mwaka 2002, wakachapisha matokeo mwaka 2005: asilimia 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu, na walio katika hatari zaidi walikuwa wale waliotumia muda mrefu njiani na kunywa mno hata uzito wao ukaongezeka. Hali hiyo huweza kuua kama vile joto linavyoweza kuua. Mtu na anywe kwa kiu yake, na asitafute sifa kwa wingi wa vikombe.

Dalili za kuzidiwa na joto nazo zijulikane na kila mwanafunzi anayemsindikiza mwalimu wake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kuhisi baridi ghafla katikati ya jua, miguu kwenda upande, na maneno yasiyo na mpango. Mtu kama huyo haambiwi "jikaze, umebakiza kidogo." Atolewe juani, avuliwe nguo za juu, amwagiwe maji baridi au azamishwe humo mwili mzima isipokuwa kichwa, na kuangaliwa asizame. Kanuni ya madaktari wa michezo ni kumpoza mtu kwanza na kumsafirisha baadaye. Dakika zinazopotea katika kutafuta gari ndizo zinazoondoa roho.

Nimevitaja visiwa vya bahari kwa kuwa ndivyo vinavyotamaniwa. Lakini je, neno kisiwa limefungwa baharini? Mwalimu wa Ahero anaposema kwamba ana ndoto ya kukimbia katika kisiwa cha nchi za joto, kuna kisiwa anachoweza kukifikia kwa matatu bila pasi wala chanjo ya safari. Atapita Katito, Kendu Bay na Homa Bay, afike Mbita, avuke daraja lililochukua nafasi ya lile tuta la miaka ya 1980, na hapo atakuwa amekanyaga Rusinga. Kisiwa hicho kina urefu wa kilomita 16 hivi na upana wa kilomita 5 penye upana zaidi. Kiko nusu nyuzi hivi kusini mwa Ikweta, kwa hivyo hakuna awezaye kusema si cha nchi za joto. Na kwa kuwa Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, alfajiri yake haina lile joto jasho la pwani.

Mandhari yake nayo yana sauti. Alfajiri ngalawa za wavuvi hurudi, na dagaa wetu, omena, huanikwa juu ya nyavu kando ya njia. Ng'ambo ya maji yaonekana milima ya Mfangano, kisiwa chenye michoro ya kale katika mapango yake. Rusinga ndiko lilikozikwa jemadari wa siasa Tom Mboya, aliyeuawa tarehe 5 Julai, 1969, na kaburi lake hutembelewa na shule nyingi. Rusinga ndiko pia Mary Leakey alikochimbua, mwaka 1948, fuvu la Proconsul, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi miaka milioni 18 hivi iliyopita. Mkimbiaji anayepita hapo kwa saa mbili na nusu hupita katika historia ndefu kuliko atakayoipata katika ufuo wowote wa hoteli.

Sisemi kwamba ziwa halina hatari zake. Jua la Ikweta ni jua tu, na saa nne asubuhi huchoma Rusinga kama linavyochoma Unguja. Mvua za radi za ziwani hupenda usiku na mapambazuko, kwa sababu upepo wa nchi kavu hukutana na hewa yenye joto juu ya maji. Mwalimu wa jiografia anaijua habari hiyo. Tena, aliyemaliza mbio Beau Vallon huweza kujitupa baharini apoe. Aliyemaliza Rusinga asijitupe ziwani, kwa kuwa kichocho kimo katika maji ya ukingoni. Na malaria haimwulizi mtu amekuja kwa michezo au kwa biashara. Hayo yote yanahitaji maandalizi: maji safi ya kumwagia watu, vyandarua katika malazi, na saa ya kuanza isiyopita saa kumi na mbili asubuhi.

Kwa maoni yangu, wakati mwafaka wa mbio za Rusinga ni likizo ya Agosti. Masika yamekwisha, vuli hazijaanza, joto la mwaka limepungua, na walimu na wanafunzi wako huru. Serikali za kaunti za Homa Bay na Kisumu, pamoja na viongozi wa riadha, wazipe mbio hizo tarehe isiyohamahama kila mwaka, ili mtu ajiandae tangu Aprili akijua anachokiandalia. Wanafunzi wadogo wapewe kilomita tano, wakubwa kumi, na nusu marathoni iachiwe watu wazima waliopimwa na daktari. Wenye vibanda vya chakula, mama wa omena na vijana wenye mashua wapate fungu lao, la sivyo mbio zitakuwa za wageni kutazamana.

Shule nazo zina kazi ambayo hakuna mwingine awezaye kuifanya vizuri zaidi. Njia ya mbio hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, baada ya baiskeli hiyo kulinganishwa na mstari uliopimwa kwa utepe wa chuma. Mpimaji hufuata njia fupi kabisa ambayo mkimbiaji anaweza kuipita, kisha huongeza mita moja kwa kila mita elfu, ili njia isije ikapungua. Kwa nusu marathoni nyongeza hiyo ni mita 21 hivi. Hilo ni somo kamili la hesabu. Kupima joto na unyevu wa alfajiri kila siku kwa mwaka mzima ni somo la jiografia. Kueleza kwa nini jasho halikauki ni somo la sayansi, na kuwaandikia waandaaji barua rasmi ya maswali ni somo la lugha. Darasa likifanya hayo, litakuwa limeichagulia Rusinga saa na mwezi wake kwa hoja, si kwa picha.

Jambo hili lina uzito kwa vijana wetu kuliko mchezo wenyewe. Kijana wa Kano amefundishwa, bila mtu kumtamkia, kwamba mbio ni za Nandi na uzuri ni wa Unguja au ng'ambo. Yeye amebakiwa na mafuriko ya Nyando na matope ya mpunga. Akimwona mwalimu wake anarauka saa kumi na moja, anakimbia kando ya mifereji huku yangeyange wakiruka mbele yake, kisha mwezi Agosti anamfuata hadi Rusinga kumshangilia, mafundisho hayo yatabatilika bila hotuba. Na yule mwalimu atakayeweza siku moja kulipa nauli ya Morisi au Unguja, na aende kwa heri. Atakwenda akiwa amejizoeza kuuliza mwezi gani na saa ngapi, na atarudi salama kutusimulia.

Basi mwenye fomu ya mbio za kisiwani mezani mwake, asiitie sahihi leo. Aisome tarehe, aulize kama ni kusi au kaskazi. Aisome saa, ahesabu yeye mwenyewe atamaliza saa ngapi, wala si bingwa. Aulize habari za maji, barafu na daktari. Majibu yakimridhisha, ndipo aitazame picha. Nyota njema huonekana asubuhi, na katika mbio za kisiwani asubuhi hiyo iwe mapema kweli kweli.